Usijipakie Lumbesa

Mkutano wetu wa Jumamosi hapa Kirumba, Mwanza, wa sisi tunaoishi na maumivu baada ya kuumia, wengi mliukosa, wengine kwa mvua, wengine kwa sababu hakuna bajaji inayopanda hadi kwenu, na ninyi ndio hasa niliotaka mnisikie. Nimeombwa niyaweke maneno yangu hapa yote kama nilivyoyasema. Picha zilizooneshwa ukutani nimeziacha. Vicheko mtajaza wenyewe.

Mwangaluka! Mbona mnaitikia kama watu waliolala njaa? Mwangaluka!

Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Mtaa, wauguzi wetu, wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliokuja na bodaboda na mlioletwa hapa na bodaboda kwa maana ile nyingine: shikamooni wa kushikamoliwa, na wengine habari za asubuhi.

Kabla sijaanza, anayetaka kusimama asimame. Anayetaka kujinyoosha, mikeka iko kule nyuma, alale asikilize akiwa amelala, hakuna atakayemwona hana adabu. Mimi mwenyewe mtaniona nakaa, nasimama, naegemea meza hii, nakaa tena. Msidhani nimewachoka. Mgongo wangu una zamu zake.

Wengi mnanijua. Nilikuwa kuli pale Mwaloni, leo ni karani wa ghala. Kati ya kuli na karani kuna gunia moja. Lilikuwa gunia la dagaa, limeshindiliwa kwa miguu hadi mdomoni, likaongezwa kilemba juu, likashonwa kwa kamba. Lumbesa. Lilidondoka kutoka juu ya Fuso, na chini nilikuwa mimi, nimeinama nafunga kiatu. Pingili ya mgongo ikapasuka. Nikawekewa vyuma. Mfupa ukaunga. Daktari akafurahi, ndugu wakafurahi, mchungaji akanitolea ushuhuda kanisani. Na mguu wa kushoto ukaendelea kuwaka moto, mchana na usiku. Unawaka hata sasa hivi ninavyozungumza nanyi.

Sikuja kuwaambia mtapona. Wapo watakaopona, na nawaombea. Leo nataka kusema na wale ambao kidonda kimefunga, hospitali imemaliza kazi yake, na maumivu hayajapata taarifa.

La kwanza, ndugu zangu: maumivu yako ni ya kweli.

Nani hapa amewahi kuambiwa, "Picha yako ni nzuri, huna tatizo"? Inueni mikono. Oneni! Mama yule kainua yote miwili. Sasa nani aliyerudi nyumbani siku hiyo akajiuliza kama anarukwa na akili? Mikono ni ileile.

Maumivu ya kawaida yana kazi yake. Unaparua sato, kisu kinakuchoma, mkono unaruka kabla hujafikiri. Hayo ni maumivu yanayokulinda, na kidonda kikipona nayo huondoka. Lakini yapo yanayobaki. Yakipita miezi 3 wataalamu wanayaita maumivu sugu. Na msidhani ni jina la kutunyamazisha. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo lake la 11 lililoanza kutumika Januari 2022, imeyapa maumivu sugu nafasi yake yenyewe. Maana yake, maumivu yanaweza kuwa ndiyo ugonjwa, hata kama jeraha lililoyaleta limekwisha.

Yanakaaje bila jeraha? Mshipa wa fahamu ulioumia unaweza kuendelea kutuma habari za hatari bila kutumwa na mtu. Uti wa mgongo na ubongo, kwa kupokea habari hizo kila siku, navyo vinazidi kuwa vyepesi kushtuka, hadi jambo lisilouma linauma. Nani hapa akiguswa na shuka mguuni anaruka? Nani upepo wa ziwa ukivuma jioni anahisi kama anamwagiwa maji ya moto? Eksirei inapiga picha ya mfupa. Haipigi picha ya mshipa unaopiga kelele. Kwa hiyo mtu akikwambia picha ni nzuri, mwitikie: ndiyo, mfupa ni mzuri. Tuzungumze sasa habari ya maumivu.

Yuko mzee mmoja mvuvi, ametoka Ukerewe, yupo humu ndani na ameniruhusu niseme. Mguu wake ulikatwa na panga la mashine ya mtumbwi. Hospitalini wakamalizia kuukata chini ya goti, kidonda kikapona vizuri kabisa. Miezi ikapita, akaanza kulalamika kwamba vidole vya mguu ule vimejikunja na vinambana. Vidole vipi, mzee? Vile ambavyo havipo! Familia ikakaa kikao. Mmoja akasema mguu ulizikwa vibaya, vidole vimekunjamana huko chini. Mwingine akasema kuna mkono wa mtu. Jembe likatafutwa, wakafukue, wavinyooshe.

Msicheke. Tafadhali msicheke. Watu wale walifanya jambo moja kubwa ambalo wengi wetu hatukufanyiwa: walimwamini. Walikosea sababu tu. Daktari wa upasuaji wa Ufaransa, Ambroise Paré, alishaandika habari hii katika karne ya 16, kwamba askari aliowakata miguu walilalamika miguu ileile inawauma. Mwaka 1871 daktari wa Marekani, Silas Weir Mitchell, aliyewahudumia majeruhi wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, akaipa hali hiyo jina linaloibeba hadi leo, kiungo cha mzuka. Ubongo una ramani ya mwili mzima, na mguu ukikatwa ramani haikatwi pamoja nao.

Mtaalamu mmoja wa mazoezi akamkalisha yule mzee na kioo cha kabati. Kioo kikawekwa katikati ya miguu, kikielekea mguu mzima, hivi kwamba mzee akitazama anaona miguu miwili. Akaambiwa akunje vidole, akunjue. Akunje, akunjue. Njia hii ilianzishwa miaka ya 1990 na Ramachandran, mtaalamu wa ubongo mzaliwa wa India anayefanya kazi Marekani. Si wote inaowasaidia, na mtu asije akavunja kabati la mkewe kwa sababu yangu. Lakini mzee wetu, baada ya majuma kadhaa ya kukaa na kioo kile, vidole vyake vilikunjuka. Havijakunjuka siku zote. Anasema sasa vinamtembelea, zamani vilikuwa vimehamia.

Ninyi ndugu wa majeruhi, msitupime. "Jana nilikuona unacheka na wenzako, leo unasema unaumwa?" Ndiyo. Jana nilicheka nikiumwa. Ulitaka nilie siku zote saba ndipo uniamini?

Sasa nakuja kwenye la pili, na hapa nitakaa kidogo, maana hili ndilo linalotumaliza.

Dada mmoja wa Igoma ni fundi cherehani. Alipata ajali ya daladala, nyonga na kiuno vikaumia. Anatembea, anachechemea kidogo, ukimwona njiani utasema mzima. Januari shule zinafunguliwa, sare zinamiminika. Akiamka siku mgongo umetulia, anasema leo nimepata nafasi, lazima nilipize siku zote nilizolala. Anakaa kwenye cherehani tangu adhana ya alfajiri hadi giza. Anashona, anashona, anashona. Kesho yake hawezi kugeuka kitandani. Keshokutwa vivyo hivyo. Wateja wanagonga mlango. Siku ya nne au ya tano anapata nafuu, ana deni la sare za watu, anafanya nini? Anakaa tena alfajiri hadi giza!

Mnamjua dada huyu? Mnamjua, kwa sababu mmelala naye kitanda kimoja. Ni wewe, ni mimi. Siku mbaya hazituumizi sana, maana siku mbaya tunalala. Kinachotuumiza ni siku njema. Siku njema tunaijaza hadi mdomoni, tunaishindilia kwa miguu, tunaiongeza kilemba juu, tunashona kwa kamba. Tunaipakia lumbesa! Kisha tunashangaa inatuangukia.

Wakala wa Vipimo hupita masokoni wakikamata lumbesa. Nyumbani kwako hapiti mtu. Kipimo unashika mwenyewe.

Yule dada alishikaje kipimo? Alifundishwa hivi. Kwa siku kadhaa aangalie anakaa muda gani kwenye cherehani kabla kiuno hakijaanza kulia. Kisha achague muda mfupi kuliko huo, siku njema na siku mbaya uwe uleule. Yeye alianza na dakika 20. Simu inaita, anasimama, hata kama bado anajisikia vizuri, hata kama pindo limebaki kidole kimoja. Anatembea hadi mlangoni, ananyoosha kiuno, anakunywa maji, anarudi. Baada ya majuma anaongeza kidogo, kidogo sana. Siri iko kwenye kusimama kabla ya maumivu. Ukingoja yakuambie simama, umeshachelewa. Na mkumbuke upande wa pili: siku mbaya naye asilale kutwa, ashike kipimo chake kilekile, maana kiungo kisichotumika kinakaza, misuli inalegea, na kesho kitauma zaidi. Leo kwa siku moja anashona sare chache kuliko zamani, na kwa mwezi anashona nyingi. Anayebisha akamwulize, banda lake liko wazi.

Tukiwa hapohapo kwenye kipimo, tuseme dawa. Najua mifuko yenu ina nini. Diklofenaki. Unaumwa, unakimbilia duka la dawa, unanunua vidonge viwili, kesho viwili, mwaka unaisha. Dawa hiyo na ndugu zake zinafaa kwa muda mfupi. Ukizitumia muda mrefu bila daktari zinachimba tumbo, zinaumiza figo, zinapandisha presha. Na kwa maumivu ya mshipa ulioumia, yale ya kuwaka, kuchoma, kupigwa shoti, mara nyingi hazifui dafu.

Kwa maumivu hayo kuna dawa nyingine. Mojawapo inaitwa amitriptilini. Mwanzo ilitengenezwa kwa ajili ya sonona, na kwa kipimo kidogo hutuliza mishipa na kuleta usingizi. Jamaa yangu mmoja wa Nyakato aliandikiwa, akasoma karatasi ya ndani, akazitupa chooni. "Wameniona kichaa!" Alikaa na hasira yake na maumivu yake mwaka mzima, hadi muuguzi mwenye subira alipomweleza. Leo analala. Haumwi? Anaumwa. Lakini analala, na mtu aliyelala usiku haumwi sawa na mtu aliyekesha. Dawa hiyo haikati siku ya kwanza, inataka majuma, na ina maudhi yake, mdomo kukauka, kusinzia. Kwa hiyo ni ya kuandikiwa na daktari, na kuachwa kwa kumwambia daktari.

Waunga mifupa sitawatukana, wengine ni wazee wangu na mikono yao ina utulivu ambao sijaukuta wodini. Lakini mfupa uliotoboa ngozi usiupeleke huko. Na wewe mwenye mgongo, ukiona ghafla huwezi kuzuia haja, au huwezi kuitoa, au sehemu za siri zimekufa ganzi, au mguu uliokuwa na nguvu umelegea, usinywe kidonge ukalala. Hospitali, siku hiyohiyo. Hata kama ni usiku, hata kama ni kukodi mtumbwi.

La tatu, Mheshimiwa Diwani unisikilize.

Mji wetu unasifiwa kwa mawe. Wageni wanapiga picha Jiwe la Bismarck, wanakwenda zao. Sisi tunaishi juu ya mawe hayo. Bugarika, Igogo, Mabatini, milima yote ile. Bajaji inaishia barabarani, kutoka hapo ni ngazi za mawe, mtaro, kichochoro, ngazi tena. Maji yanapanda kichwani. Mkaa unapanda kichwani. Maiti inashuka mabegani. Niambieni, kiti mwendo kinapandaje?

Kijana mmoja wa bodaboda, wa Mabatini, aligongwa na lori, uti wa mgongo ukakatika, miguu haina habari. Siku aliporudi kutoka wodini, wanaume wanne walimbeba hadi nyumbani kwa baba yake, juu kabisa, nyumba ambayo mzee aliijenga kwa mkono wake, jiwe moja moja. Kiti mwendo kikapandishwa siku nyingine, kikawekwa kona, kikaanikiwa nguo. Kijana hakutoka. Angetokaje? Kila kutoka ni kuomba wanaume wanne, kuwapa soda, kuwashukuru. Ukishaomba mara mbili tatu unaacha kuomba. Akalala chali akitazama bati.

Kisha kikaja kidonda. Matakoni, katikati, kidogo kama shilingi, halafu kama kiganja. Ndugu wakasema damu chafu. Haikuwa damu chafu. Mtu asiyehisi hageuzi mwili wake anapoelemewa. Wewe hapo ulipokaa umeshajisogeza mara nyingi tangu nianze kusema, wala hukujua. Yeye hasogei, mfupa unabana ngozi, damu haipiti, ngozi inakufa. Na kwa kuwa haumwi hapo, hajui. Basi anayeuguza sikia: kitandani ageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku. Kwenye kiti ajiinue kwa mikono, au ainame mbele na pembeni, kila baada ya robo saa hadi nusu saa. Ngozi iangaliwe kila siku, kwa kioo. Wekundu au weusi usioondoka ukiacha kukalia, hiyo ni taarifa.

Zamani hata Ulaya waliovunjika uti wa mgongo walikuwa wakingojwa wafe, kwa vidonda hivyo na kwa maambukizi ya mkojo. Daktari mmoja Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1939, Ludwig Guttmann, alipewa wodi ya askari wa namna hiyo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944. Akaamuru wageuzwe kila saa 2, naye usiku alipita kuhakikisha. Walipoacha kufa, akasema haitoshi kuwa hai, wafanye kazi, wacheze. Tarehe 29 Julai 1948, siku michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, akawapanga 16 wakiwa kwenye viti vyao wakashindana kulenga shabaha kwa upinde na mshale. Mnapoiona Paralimpiki kwenye televisheni, mbegu yake ni hiyo.

Turudi Mabatini. Muuguzi akaiambia familia: mshusheni kijana. Tafuteni chumba chini, tambarare, kando ya barabara. Mzee akawaka. "Nyumba nimejenga mwenyewe, leo nikapange kwa watu?" Wakavutana sana. Na mimi simlaumu mzee, kwa sababu ile nyumba ndiyo urithi pekee aliokuwa nao wa kumwachia mtoto huyohuyo. Kodi inatoka wapi? Nani atakaa na kijana chini? Ni maswali ya kweli. Lakini mimi nilisema pale, na nasema hapa: nyumba usiyoweza kutoka ndani yake ni wodi. Mshusheni.

Wakapanga chumba kimoja. Mlango mpana, choo cha kukaa waliunda kwa kiti cha mbao kilichotobolewa. Kijana akaanza kuchajisha simu za watu, kisha kuzitengeneza. Uti wake wa mgongo haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni ngazi. Mzee kila asubuhi anashuka kunywa chai kwa mwanawe, analalamika sukari ni nyingi.

Mheshimiwa Diwani, tangu Juni 2025 tunavuka Kigongo hadi Busisi juu ya daraja, la takriban kilomita 3. Mgonjwa wa Sengerema anayekwenda kliniki Bugando hangoji tena kivuko akiwa amelala nyuma ya gari. Tunashukuru, kweli tunashukuru. Lakini kama tumeweza kilomita 3 juu ya ziwa, kufunika mtaro wa mita moja kunatushindaje? Njia za waenda kwa miguu zimejaa pikipiki na meza za biashara, kiti mwendo kinashuka barabarani kugombana na Fuso. Konda akiona magongo anamwambia dereva "twende, twende!" Kuna ofisi, sitaitaja, inayotoa fomu za watu wenye ulemavu ghorofa ya pili, na lifti hakuna. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 tukatunga Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9. Majengo na huduma za umma kufikika kumeandikwa humo. Hatuombi hisani. Tunaomba kilichoandikwa.

Makofi yapunguzeni, mnaniongezea muda wa kusimama.

La mwisho ni la nyumbani, na mke wangu yuko pale kwenye benchi la tatu, alinikataza nisimtaje. Simtaji.

Katika ule mwaka wa kwanza nililala nimeelekea ukutani. Wanaonitembelea nawajibu kwa mgongo. Yule nisiyemtaja alikuwa anauza dagaa kwa jumla, wateja hadi wa Kongo. Jioni moja akaingia, hakuniuliza unajisikiaje. Alinitupia daftari kitandani. "Hesabu zimenishinda. Sijui nani ananidai na nani namdai. Wewe kichwa hakikuanguka na gunia." Akaenda kupika.

Nilikasirika. Nikalichukua lile daftari ili nimwoneshe kwamba siwezi. Nikakuta amechanganya madebe na kilo, mkopo wa Jumatatu kauandika Ijumaa. Nikaanza kunyoosha mstari mmoja, nikanyoosha mwingine. Nilipofunga daftari mguu ulikuwa unawaka vilevile. Lakini saa nzima ilikuwa imepita bila mimi kuuangalia mguu. Saa nzima! Wataalamu wanasema ubongo wenye shughuli unayapa maumivu nafasi ndogo. Haina maana maumivu ni ya kujitungia. Ina maana na sisi tunaweza kuyanyima kiti.

Kwa hiyo ninyi mnaouguza, mtupeni kazi. Kazi ya kweli, inayohitajika, ambayo tusipoifanya kuna pengo. Kutazama mboga isiungue ni kazi. Kumfundisha mtoto hesabu ni kazi. Msitufanyie kila kitu kwa upendo hadi tukabaki mizigo. Nanyi mpumzike. Asilimia kubwa ya mnaogeuza wagonjwa usiku ni wanawake, na migongo yenu nayo ni ya nyama. Shemeji anayekuja kila Jumapili kusema pole na kula wali, apewe zamu.

Wazee mtanisamehe, lakini mambo ya chumbani nayo huumia katika ajali. Ulizeni kliniki. Daktari ameshasikia makubwa kuliko yenu. Ndoa zimekufa humu Mwanza kwa sababu ya kuona aibu kuuliza.

Na kuna usiku ambao mawazo yanakuwa ya kutotaka kuamka. Nasema wazi kwa sababu najua wangapi humu wamefika pale. Ukifika, usibaki peke yako na mawazo hayo. Mwamshe aliye karibu, mwambie kwa maneno yaleyale. Kesho yake nenda hospitali ukawaambie nao. Sonona hutibiwa, na ikitibiwa hata maumivu hupungua makali.

Riziki nitaigusa tu, maana wataalamu wako hapa. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hizo 2 ni zenu, zifuateni. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria ile ya 2010 inamtaka asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Na ninyi mlioajiriwa, viwanda vya samaki, magari, ujenzi, ulizeni kama mwajiri anachangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mchango ni wake, haukatwi kwenye mshahara wako. Ukiumia kazini taarifa itolewe mapema, kwa maandishi. Sisi makuli wa siku zile hatukuwa na mkataba wala mwajiri anayejulikana. Gunia liliponiangukia, mwenye gunia alihesabu kama dagaa zimemwagika.

Basi. Afisa Maendeleo ya Jamii amekaa meza ile ya dirishani, ana fomu, aliyekuja na kitambulisho asiondoke bila kumwona. Mtaalamu wa mazoezi yuko kwenye mikeka, anataka watu wa migongo kwanza, halafu magoti. Chai iko mlangoni, na waliokaa karibu na mlango wawapelekee walio mbali. Maswali tunaanza na mzee wetu wa Ukerewe, kwa sababu meli ya Nansio haimsubiri mtu. Mpeni kipaza sauti. Mzee, karibu.